"Nakuombea" yangu ya mdomoni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo naungama hadharani, mnicheke tu.

Kuna mama wa jumuiya yetu, mwanawe alikuwa anasubiri upasuaji. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp, nami nikajibu kabla hata sijamaliza kusoma: "Tupo pamoja mama, nakuombea." Na vile viganja viwili. Kisha nikarudi kukaanga samaki wangu. Wiki tatu zikapita, sikumwombea hata mara moja.

Jumamosi akanikuta kituoni nasubiri daladala. Akanishika mikono yote miwili: "Asante kwa maombi, mwanangu, kijana ametoka salama." Ningejibu "Amina" tu, yakaisha. Lakini koo lilikauka. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Sikuomba. Niliandika tu."

Akanitazama kitambo, halafu akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Angalau umesema. Haya, niombee sasa, kidonda bado hakijakauka." Pale pale, makonda wakipiga kelele "Mbagala, Mbagala!", nikaomba huku uso umeniwaka kwa aibu.

Mathayo 5:37, ndiyo iwe ndiyo, nilidhani ni habari ya watu wanaokula viapo. Kumbe hata emoji zimo jamani!

Siku hizi nikiombwa maombi naweka simu chini, naomba, ndipo najibu. Nikishindwa naandika "pole sana mama", basi. Majibu yangu kundini yamepungua mno. Mwenyekiti ameshaniuliza kama nimenuna.