Kanga wa Cricklade

Siku mbili za London sina la kusimulia, mvua na foleni tu. Kisa kinaanzia Swindon, dereva wa teksi aliponitoza pauni 30 kunifikisha Cricklade. Nikalipa. Baadaye ndipo nikaona kumbe kuna basi, tena la pauni chache.

Nilifuata ua. Waingereza huliita kichwa cha nyoka, wataalamu Fritillaria meleagris, la ukoo wa yungiyungi. Huchanua Aprili, na inasemekana takriban asilimia 80 ya yale ya porini Uingereza yako hapa North Meadow, uwanda wa nyasi wa Cricklade, katikati ya mito ya Thames na Churn. Thames yenyewe, huku karibu na chanzo chake, ni kamto tu.

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikaona kichaka cha maua kando ya njia, nikatoka hatua moja kupiga picha. Mguu ukazama hadi muundi. Niliuvuta, ukatoka, kiatu kikabaki.

"Usisogee!" Mzee mmoja mwenye mkongojo alikuja mbio kadiri alivyoweza. Nilidhani ananihurumia mimi. Kumbe macho yake yalikuwa kwenye mche uliokuwa sentimita chache na kisigino changu. Mbegu huchukua miaka kadhaa kufikia kuchanua, alinieleza, huku akikivua kiatu kwa mkongojo wake kama anayevua samaki.

Nikakaa chini kuvaa, na hapo ndipo nililiona ua sawasawa, maana limeinama na aliyesimama huona mgongo wake tu. Kengele ya zambarau, vyumba vyeusi na vyeupe-pinki vimepangwa kama ubao wa drafti. Nyuki mnene wa manyoya akaingia kwa chini, kengele nzima ikatikisika.

Matope yaliyonila kiatu ndiyo yanayoyalea maua haya. Mito hufurika kipupwe na kuacha rutuba. Nyasi hazikatwi hadi Julai, mbegu zikishadondoka, kisha mifugo hula kuanzia 12 Agosti hadi 12 Februari. Ndivyo ilivyo tangu enzi. Kwingineko mabonde ya namna hii yalikaushwa na kulimwa, mengine wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wakitafuta chakula.

Nikamuuliza hilo meleagris maana yake nini. "Ni ndege," akasema. "Kama kuku, ana madoadoa, anatoka kwenu Afrika."

Kanga! Nilicheka hadi mzee akanitazama vibaya. Nitamwelezaje kwamba kwetu ndege huyo huyo, wasemavyo wengi, ndiye aliyelipa jina vazi la mama zetu? Nikaachia hapo.

Kurudi nilipanda basi, soksi mbichi mfukoni, nikamtumia mama picha. Jibu lilifika kabla ya Swindon: "Kanga nzuri. Mbona haina jina?"