Wino wa UV unanata ingawa taa inawaka: jinsi tulivyotatua

Mashine ni ya kuchapa lebo, hapa Kampala. Wino wake hukaushwa na UV, yaani mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, unaotoka kwenye taa. Wino ulitoka ukinata upande mmoja wa karatasi, ukiukwaruza kwa ukucha unabanduka. Taa ya zebaki iliwaka vizuri tu, na hapo ndipo wengi hupotea: mwanga unaoonekana kwa macho hausemi lolote kuhusu UV.

Kabla ya kununua taa, pima. Kipimo cha UV kilipopitishwa kwa kasi ileile ya kazi, upande mbovu ulipata karibu nusu ya upande mzuri. Ukiona upande mmoja tu umeshuka, shuku kwanza uchafu au upepo wa kupoza.

Umeme ukazimwa, swichi ikapigwa kufuli, taa ikaachwa ipoe. Filta ya feni ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu na unga wa karatasi. Hewa ikakosekana upande ule, kiakisi (kinachorudisha mwanga wa taa kwenye karatasi) kikafifia na bomba la kwatsi, yaani kioo cha taa yenyewe, likashika ukungu mweupe. Ukungu usipofutika, kwatsi imeharibiwa na joto: badilisha taa. Huu ulifutika kwa alikoholi ya isopropili ya 99% na kitambaa kisichoacha nyuzi. Vaa glavu safi za pamba, kwani alama ya kidole ikishaungua juu ya kwatsi haitoki tena. Kiakisi kilichofifia usikisugue, kibadilishe.

Filta mpya, kiakisi kipya, taa ileile ikazungushwa robo duara. Vipimo vya pande zote mbili vikalingana. Filta sasa inakaguliwa kila wiki, na kiangazi mara mbili.

Taa zilizokufa zina zebaki. Zisivunjwe wala kutupwa kwenye pipa la kawaida.