Vibarua wakivuka milima: namna ya kukagua mchoro wa kale wa kuchapwa

Ukishika karatasi ya karne ya 19 yenye msafara wa vibarua wakipanda mlima, sururu mabegani, usianze na maelezo yaliyochapwa chini ya picha. Anza na mistari. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kaa karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu.

Kwanza ondoa shaka ya nakala ya kisasa. Ukiona nukta zilizojipanga kwa safu sawasawa, au viduara vya rangi vilivyoingiliana, hiyo ni picha iliyonakiliwa kwa kamera na mashine. Kwenye mchoro uliochongwa kwa mkono, ukungu wa bondeni na kivuli cha jabali hutokana na mistari: ikibanana panakuwa giza, ikiachana panakuwa mwanga.

Kisha jua kilichochongwa ni nini. Kwenye bamba la shaba, wino hukaa ndani ya mifereji, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa mpaka iufuate humo. Kwa hiyo wino huinuka kidogo, na kingo za bamba huacha fremu iliyobonyea kuizunguka picha. Lakini kukosekana kwa fremu hiyo hakuthibitishi kitu, maana watu wengi hupunguza pambizo kwa mkasi. Bamba la feleji, lililoenea kuanzia miaka ya 1820, hutoa mistari myembamba zaidi na huchelewa kuchakaa. Mbao ni kinyume: kilichochongwa hubaki cheupe, kilichoachwa ndicho kinachochapa. Kibao kilikuwa na kimo sawa na herufi za madini ya risasi zilizotumika kupiga chapa maneno, hivyo picha na maneno vilipigwa pamoja. Maandishi ya habari nyuma ya karatasi ni dalili nzuri kwamba umeshika ukurasa wa gazeti lenye michoro ya mbao.

Hapo ndipo milima inaponoga. Mbao iliyotumika ilitoka kwenye mti mgumu wenye shina jembamba, ikakatwa kuipinga nyuzi, kwa hiyo kipande kimoja hakikutosha ukurasa mzima. Vipande viliunganishwa kwa skrubu na nati. Angalia kwenye anga la picha au kwenye theluji: mstari mweupe mwembamba, ulionyooka kabisa, unaokata picha kutoka juu hadi chini au kushoto kwenda kulia, ni kiungo cha vibao. Wanunuzi wengi hudhani ni mkunjo. Mkunjo huvunja nyuzi za karatasi na huonekana hata upande wa nyuma. Kiungo hakigusi karatasi.

Habari ikiwa ya haraka, kibao kilifunguliwa na kila mchongaji akapewa kipande chake. Fundi mkuu alitangulia kuchonga mistari inayovuka viungo ili ikutane vizuri, na bado mara nyingine haikukutana. Ndiyo maana mteremko mmoja unaweza kuwa na mistari ya kubana, na wa jirani yake mistari legevu. Nyuso zilipewa mikono mizoefu, anga na mawe wakaachiwa wengine.

Mchongaji alikaa mjini akifuata mchoro wa penseli, baadaye picha ya kamera. Miteremko iliyosimama kama ukuta isikupe ushahidi wa mahali. Maelezo yakitaja handaki la reli la Gotthard huko Uswisi, kumbuka lilijengwa kati ya 1872 na 1882. Yakitaja vibarua wa Kichina wa reli ya Central Pacific katika milima ya Sierra Nevada, Marekani, reli hiyo iliunganishwa na ile ya mashariki tarehe 10 Mei 1869. Gazeti la Uingereza The Illustrated London News lilianza 1842, na la Marekani Harper's Weekly 1857. Ukurasa unaodaiwa kuwa wa mapema kuliko gazeti lenyewe urudishe. Tena magazeti yaliuziana nakala za metali za vibao, kwa hiyo picha ileile huweza kutokea nchi nyingine ikiwa na maelezo mengine.

Rangi? Kurasa nyingi za aina hii zilitoka nyeusi na nyeupe. Rangi iliyoingia kwenye nyufa za mkunjo au iliyopanda juu ya doa ilipakwa baadaye. Mimi singeilipia zaidi.

Karatasi ya massa ya mbao (rojo la mbao) hutoa asidi, hugeuka kahawia na kukatika kingoni. Selotepu ni adui, gundi yake huacha doa lisilotoka. Shikilia ukingo wa juu tu kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na uji mzito wa wanga wa ngano, kwenye kadibodi ya pamba isiyo na asidi, kioo kisiguse picha. Mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu), unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 50. Madoa ya kahawia usiyasugue; kifutio huondoa wino pamoja na uchafu.

Ukiiskani, weka karatasi nyeusi nyuma yake ili maandishi ya upande wa pili yasijitokeze, tumia nukta 600 kwa inchi, na hifadhi faili ghafi kabla ya kusafisha chochote.