Mitokondria na vidole vya mamangu
Shule walitufunza mitokondria, vile vichembe vidogo ndani ya seli, ni ya kutengeneza nguvu tu, basi. Kumbe ndani ya makrofeji, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu, ndo inaamua kama uvimbe utapanda ama utatulia. Makrofeji ikishtuliwa na bakteria inachoma glukosi mbio mbio, mitokondria inarundika kemikali inaitwa saksineti, hiyo saksineti inazuia HIF-1α, protini ya kuwasha jeni, isivunjwe, na seli inaanza kumwaga IL-1β, protini ya kuchochea uvimbe. Timu ya mwanasayansi Luke O'Neill kule Dublin ilionyesha hivyo 2013. Inanigusa sana juu mamangu hapa Kondele ana baridi yabisi, asubuhi vidole vimefura hata mwiko wa ugali haushikiki. Na ajabu, mitokondria hiyo hiyo hutoa kemikali ingine, itakoneti, inayotuliza uvimbe, 2018 timu hiyo ikaonyesha inaamsha Nrf2, protini ya kulinda seli. Dawa za kulenga hapo ndo naziombea kabisa.