Nilivyolinganisha zana za kuchokonolea kufuli: SouthOrd, Peterson, Sparrows, Multipick na seti zisizo na jina

Mtu akiniuliza ni seti ipi bora, mimi humuuliza kwanza kufuli lake lina tundu la namna gani. Jina la kampuni huja baadaye. Nilipoamua kulinganisha zana hizi kwa makini, niliziweka zote mezani, nikazipima kwa vernia (kipimo cha mafundi cha kupimia unene), nikazibana kwenye jiliwa kuona zinavyopinda, nikakagua kingo kwa lenzi ya fundi saa, kisha nikazitumia kwenye silinda zilezile (silinda ni ile sehemu ya kufuli unamoingia ufunguo, na pini ni vijiti vidogo ndani yake ambavyo ufunguo huviinua): kufuli la shaba la pini 4, silinda ya Yale ya pini 5, na silinda ya Ulaya ya pini 6, hizi zinazofungwa kwenye milango ya alumini. Zote ni zangu na hazipo mlangoni. Kufuli linalotumika usilichezee hata kama ni lako, maana springi ikilegea au pini ikikwama, utalala nje.

Unene ndio kitu cha kwanza kupima. Wamarekani na Wakanada huandika kwa inchi: 0.025 ni milimita 0.635, na 0.018 ni kama milimita 0.46. Peterson wa Marekani anatoa unene wote huo wawili, na Sparrows wa Kanada seti zake za kawaida ni 0.025. Multipick wa Bonn, Ujerumani, anapima kwa milimita na anachonga akiwa na silinda za Ulaya akilini. SouthOrd, naye wa Marekani, ndiye ambaye wengi huanza naye, hasa kwa seti yake ya vipande 14. Kama huna vernia, chukua kisu cha msumeno wa chuma wa mkono, ule wa inchi 12. Unene wake ni inchi 0.025 hiyo hiyo, kwa hiyo unaweza kuvibana viwili pamoja vidoleni na kuona kama zana yako ni nene au nyembamba zaidi. Ndiyo maana pia mafundi wengi hujichongea ndoano, yaani ile zana yenye ncha iliyopinda ya kuinulia pini moja moja, kutoka kwenye visu hivyo, na wala si mbaya.

Unene huo una maana gani kazini? Kwenye tundu la Kwikset au Schlage, kufuli za Kimarekani, ambalo ni pana na limenyooka, ndoano ya 0.025 inaingia bila kugusa ukuta. Kwenye silinda nyingi za Ulaya mbavu za tundu zimetokeza hadi zinavuka mstari wa kati. Ukichungulia huoni upande wa pili. Hapo ile 0.025 itakwaruza ukuta kila ukiinua, na mkwaruzo huo ndio unaofunika taarifa unayoitafuta kidoleni. Hapo inatakiwa 0.018.

Lakini nyembamba nayo ina gharama, na hapa ndipo watu hununua kwa macho. Unapoinua pini, ndoano haipindi upande wa unene, inapinda upande wa kimo chake. Ukakamavu wake unaenda sambamba na unene, lakini kwa kimo unaenda kwa kimo mara kimo mara kimo. Kwa hiyo ndoano ya 0.018 yenye shingo ya kimo cha milimita 2.8 inakaribia kabisa ukakamavu wa ndoano ya 0.025 yenye shingo ya milimita 2.5. Tofauti ya milimita 0.3 tu! Tatizo ni kwamba shingo yenye kimo kikubwa hugusa pini za mbele wakati ncha inafanya kazi pini ya nyuma, na pini ya mbele ikiinuliwa kupita kiasi inabidi uachie zote uanze upya. Kila kampuni imechagua mahali pake kwenye mvutano huo, kwa hiyo pima kimo cha shingo kabla ya kulipa. Matangazo huandika unene peke yake.

Kipimo changu cha kupinda ni rahisi. Nabana mpini kwenye jiliwa, naacha milimita 35 za shingo nje, naning'iniza chupa ya maji ya nusu lita kwa uzi karibu na ncha, na rula nyuma yake. Ndoano ya 0.025 yenye shingo ya milimita 2.5 hushuka karibu nusu milimita. Ya 0.018 yenye kimo hicho hicho hushuka zaidi ya 0.6. Hatua moja ya ukataji wa ufunguo wa Schlage, yaani tofauti ya kina kati ya mkato mmoja na unaofuata, ni milimita 0.38, kwa hiyo ukilazimisha hivyo ndani ya kufuli hutajua kama pini imepanda au chuma kimepinda. Ukishatoa chupa, ndoano irudi ilipokuwa. Hizi za majina zinarudi. Zile za seti kubwa zisizo na jina, nyingine hubaki zimeinama, na hiyo ni dalili ya chuma laini. Usihangaike na sumaku: stenlesi aina ya 301, ambayo hupata ukakamavu wake kwa kupitishwa kwenye roli ikiwa baridi, inavutwa na sumaku vizuri tu.

Sasa kingo. Seti za bei ya chini hukatwa kwa kupigwa na chapa kutoka kwenye bati. Ukiiweka chini ya lenzi utaona upande mmoja wa ukingo umejikunja kwa mviringo laini, na upande wa pili chuma kimechanika na kuacha vimeno vidogo. Pitisha ukucha kutoka shingoni kuelekea ncha, kisha rudi. Upande wa vimeno unakwama. Ndani ya kufuli vimeno hivyo vinakwangua shaba, na ukitoa ndoano utaona unga wa njano umeshika kwenye ncha. Ubaya si kufuli kuchakaa tu. Pini inaposhika kwenye kimeno, kidole kinahisi mshtuko unaofanana kabisa na pini iliyokaa mahali pake. Unadhani umefika, kumbe bado.

Dawa yake ni msasa wa maji. Anza na namba 400, endelea 600, 1000, malizia 2000, kisha Brasso na kitambaa. Zungushia msasa kwenye kijiti na upitishe kwa urefu wa shingo, si kwa kukatiza, kwa sababu mikwaruzo ya kukatiza ndiyo itakayokwama kwenye pini. Usibadili umbo la ncha, lainisha kingo tu. Ukitumia grenda, chovya kwenye maji kila mara. Chuma cha springi cha kaboni kikipita rangi ya bluu na kuingia kijivu, ncha imeshalainika. Na 301 ikiungua huwezi kuirudishia ugumu kwa moto tena. Baada ya msasa, seti ya bei ya chini yenye chuma kizuri inaweza kukaa meza moja na za majina. Yenye chuma laini haiokoleki, itupe.

Mipini nitaipita haraka, maana hilo ni suala la mkono wa mtu. SouthOrd ana seti za mipini ya plastiki na za mipini ya chuma. Chuma hupitisha mtetemo vizuri zaidi lakini hukata vidole kazi ikirefuka. Mpira wa Sparrows unakaa vizuri mkononi. Kwa mpini mtupu, tabaka mbili za ule mpira wa mafundi umeme unaosinyaa kwa moto zinatosha.

Penye tofauti kubwa kuliko ndoano zote ni tensheni, yaani kile kipande cha kuzungushia silinda. Seti nyingi, hata za majina, huja na tensheni zilizopindwa za kukaa chini ya tundu. Zinafanya kazi, ila zinakula nafasi ambayo ndoano inaihitaji. Ninazozipenda ni bapa zinazokaa mdomoni mwa tundu, juu, karibu na pini ya kwanza. Peterson na Sparrows wote wanaziuza peke yake. Bapa lazima likae kwa kubana: likichezacheza linateleza, na likiingia kwa kina mno linagusa pini ya kwanza na kuizuia isipande. Unene unaohitajika kwa kawaida ni kati ya milimita 0.8 na 1.25. Likizidi kidogo, lipunguze kwa tupa nyembamba, ukijaribu kila baada ya mikupuo michache. Ukikosa, fungua waipa chakavu ya gari utoe zile fito mbili za chuma ndani yake. Kipande cha sentimita 8, pinda ncha kwa koleo, umemaliza.

Seti za vipande 20 na zaidi huwa zinajaza pochi kwa maumbo ambayo hayatoki humo. Ningenunua ndoano fupi na ya kati kwa 0.025, hizo hizo kwa 0.018, reki moja (ile yenye mawimbi, ya kupitisha kwenye pini zote kwa pamoja), na bapa tatu za unene tofauti. Lile kufuli la plastiki linaloonekana ndani, ambalo hutolewa kama zawadi, halipimi chochote. Pini zake zimelegea kiasi kwamba hata waya wa kalamu unalifungua. Na hakuna seti kati ya hizi itakayokusaidia kwenye kitasa cha liva cha mlango wa mbao. Mle hamna pini, na zana zake ni nyingine kabisa.

Kenya na Tanzania zote, kukutwa usiku na zana za kuvunjia bila sababu halali ni kosa, kwa hiyo zangu hubaki karakana isipokuwa mteja ameniita. Kwa walio Pwani, za chuma cha kaboni zifute kwa mafuta ya cherehani kila ukimaliza, na usizihifadhi kwenye pochi ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, kutu inaanzia kwenye ncha, na ncha yenye kutu inarudisha vimeno vyote ulivyokwisha kuviondoa kwa msasa.