Andika moja

Aliyeyasema ananipenda, hilo silitilii shaka hata kidogo. Lakini maneno yake yamekataa kunitoka tangu siku ile kwenye kliniki ya saratani. Nikiosha vyombo yapo, nikizima taa yapo.

Tulikuwa tumemaliza dodoso kubwa, lile la maswali 30 kuhusu hali ya maisha, tukaingia la pili la mishipa ya fahamu. Lina maswali 20. Moja maana yake hapana kabisa, nne maana yake sana. Muuguzi akafika kwenye vitu vidogo.

"Wiki hii umepata shida kushika vitu vidogo, kwa mfano kufunga vifungo?"

Sijafungua mdomo, Baba Watoto akadakia: "Andika moja, sista. Huyu ni jembe, halalamiki."

Kalamu ikabaki hewani. "Samahani baba, nilikuwa namuuliza mama."

"Nne," nikasema.

Akageuka akanitazama kama mtu aliyepewa habari za msiba. Njia nzima kimya, mpaka tunakaribia nyumbani ndipo akauliza, "Mbona hukuniambia?"

Nimekuwa nikimjibu kichwani tangu siku hiyo. Ningekuambia saa ngapi, mume wangu, na kila jioni unawaambia wageni kwamba mkeo hatetereki? Asubuhi namvalisha kitinda mimba shati la shule. Kifungo najua kipo kwa kukiona, si kwa kukigusa. Nakibana kwa kucha, nakisukuma, kinateleza, naanza upya. Mtoto anasimama kidevu juu, hasemi kitu. Ameshajifunza kusubiri. Hayo yanatokea chumba cha pili kutoka anaponyolea ndevu.

Na hili si suala la kudeka. Paclitaxel, dawa ya saratani ninayotiwa, huumiza mishipa ya fahamu kuanzia ncha za vidole vya mikono na miguu. Kipimo cha damu kitaonyesha chembe nyeupe zimeshuka, lakini ganzi hakionyeshi. Daktari anategemea kinywa changu ili aamue kupunguza dozi au kuisogeza mbele, na akichelewa kujua, ganzi inaweza kubaki miaka baada ya tiba kwisha. Kuna utafiti wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, matokeo yake yalitangazwa 2017. Wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa: wengine walijaza dalili zao mara kwa mara kwenye kompyuta na muuguzi akapata taarifa hali ilipozidi, wengine walihudumiwa kama kawaida. Kiwango cha kati cha kuishi, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliufikia wakiwa hai, kilikuwa miezi 31.2 kwa wale waliosema na 26.0 kwa wengine. Kila nikikumbuka hesabu hiyo, ile "andika moja" inanichoma upya.

Basi dozi imepunguzwa, picha zimeonyesha uvimbe umesinyaa, na wifi amejifungua salama, wa kiume. Alhamdulillahi kwa yote.

Juzi ilikuwa zamu ya mazoezi ya kupumua. Unavalishwa kibanio kidoleni, mapigo ya moyo yanachorwa kwenye skrini mbele yako. Ukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo, ukiitoa polepole unapunguza, na ukifika pumzi kama sita kwa dakika mstari unapanda na kushuka kwa mawimbi mapana, laini. Uvimbe haupungui kwa hilo, na hakuna aliyenidanganya hivyo. Lakini baada ya miezi ya mwili kufanyiwa mambo, niliuona unanisikia mimi. Nilitamani nisivuliwe kile kibanio.

Mtaalamu akamwambia Baba Watoto, "Jaribu na wewe, baba." Akaketi huku anacheka. Mstari wake ukaanza juu kuliko wangu, mwembamba, wa haraka, umejaa meno. Akavuta pumzi, akatoa, haukutulia. Akavuta tena. Kicheko kikamwisha. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikiutazama moyo wa mtu niliyezaa naye, na nikaona hofu ambayo hajawahi kuitamka mbele yangu. Hakuna anayempa yeye dodoso. Pale kliniki alikuwa anaomba iwe moja, kwa sauti kubwa, mbele ya mtu mwenye kalamu.

Bado sitaki anijibie, na nimemwambia hivyo waziwazi. Akasema, "Sawa, Mama Watoto." Jana usiku akaniuliza vidole vinaendeleaje, akanyamaza mpaka nikamaliza kujibu, na jibu lilikuwa refu.

Sasa kinachoninyima usingizi ni kifungua mimba. Amepiga simu mara mbili usiku, ananiita "Mama" kwa ile sauti ya mtu mwenye jambo, halafu anauliza habari za mdogo wake na kukata. Ada tulilipa. Mitihani bado. Kesho nitampigia mimi kabla hajaingia darasani.