Mashine ya Bibi inachechemea

Kazi yangu ya mwisho niliimaliza mwezi wa nne, mvua zikinyesha. Tangu hapo mpaka wiki hii sikufungua hata faili moja la muziki wangu, ule ninaoutengeneza kwa kompyuta kutokana na sauti ninazorekodi. Kompyuta ilikuwa palepale mezani, nimeifunika kitenge, na juu ya kitenge nimeweka kapu la vitunguu. Kikija kibarua, kapu linashuka. Kibarua kikiisha, linarudi.

Shangazi yangu wa Majengo anadhani nimeacha muziki. "Afadhali," anasema, "maana ule wako haukuwa na hata neno moja." Vijana wa kijiweni wao, wakisikia natengeneza muziki kwa kompyuta, wanauliza singeli ipi ni yangu. Singeli naipenda sana. Ule mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, uliotolewa na watu wa Kampala mwaka 2017, niliusikiliza mpaka flashi ikafa. Ila ile ni mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na mimi nikifika 95 naona nimekimbia. Huku kwetu Moshi ni mlimani, mtu anapanda taratibu.

Vibarua vyenyewe ni kurekodi kwaya na kuandaa sauti za magari ya matangazo. Kuna mwenye duka mmoja hapa mjini, laki na nusu yangu anayo tangu mwezi wa sita. Tangazo lake linapita dirishani kwangu kila asubuhi. Sauti yangu, mdundo wangu, hela kwake. Tuyaache.

Kinachonisumbua zaidi ni masikio. Ukishinda miezi na hedifoni ukimiksi, ukimaliza husikii tena muziki, unasikia makosa tu. Napanda daladala ya Pasua, dereva kaweka wimbo mzuri, abiria wanatikisa vichwa, mimi nawaza besi imezidi na sauti ya mwimbaji imekaa nyuma. Ni kama mpishi anayekaa harusini na kijiko mkononi akionja chumvi ya wenzake. Hata usiku sipumziki. Friji ya jirani inavuma ukutani, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, mvumo wake unakaribia sana noti ya G, moja ya zile za chini. Zamani nisingejali. Siku hizi umeme ukikatika, mtaa mzima unalalamika, mimi nashukuru kwamba ile G imenyamaza.

Basi Jumamosi iliyopita nikapanda Kibosho kwa Bibi. Sikwenda kutafuta sauti, nilifuata ndizi. Kinasa sauti kilikuwa kwenye begi kwa mazoea tu.

Msimu wa kahawa umeanza, na Bibi bado anamenya nyumbani kwa ile mashine ya mkono aliyoacha Babu. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyekuwa anazungusha. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikinywa chai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, ndipo nikaisikia. Kra, kra, kra, halafu kimya kidogo, halafu *taa*. Jino moja la gurudumu limelika, kwa hiyo kila mzunguko unachechemea. Na ule uchechemeaji wenyewe haufanani, kwa sababu dogo akichoka mkono, kimya kinarefuka.

Nilitoa kinasa sauti, nikakivika soksi kuzuia upepo, nikakiweka juu ya debe.

"Sasa unarekodi nini?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Mashine, Bibi."

"Mashine! Watoto wa siku hizi."

Nikajibanza na hedifoni zangu, najiona mtaalamu. Mara Bibi akapaza sauti, "Mwaga nyingine!" Dogo akachungulia mdomo wa mashine na kweli, kahawa ilikuwa inakaribia kwisha. Mimi nilikuwa na hedifoni na sikuwa nimesikia tofauti yoyote. Bibi alikuwa jikoni, kuni zinapasuka, sufuria inachemka, amegeuza mgongo.

Nilimwuliza alijuaje. Akanitazama kama nimemwuliza anajuaje kwamba mvua inanyesha. "Si inalia tupu?"

Nilimwambia ningeweza kumtafutia fundi wa hilo jino. Akakataa. Anasema imeshamzoea.

Usiku ule nilimkumbuka Halim El-Dabh, Mmisri aliyeazima kinasa sauti cha waya kwenye kituo cha redio Cairo mwaka 1944, akaenda kurekodi zaar, ngoma ya akina mama ya kupunga pepo, kisha akarudi studio kuichezea ile sauti kwa mwangwi. Watu wengi wakielezwa historia ya muziki wetu huu wa sauti zilizorekodiwa, wanaanzishiwa Paris mwaka 1948. Ningependa kujua kama wale akina mama nao walimwuliza anarekodi nini.

Nimerudi mjini, kapu limeshuka. Nilipoiingiza ile sauti, programu ilikisia mapigo 93, nikaiuliza tena ikasema 88. Nikailazimisha ikae kwenye mistari ya mapigo, kila *taa* mahali pake. Ikawa safi, ikawa cherehani. Nikafuta, nikarudisha ilivyokuwa.

Tangu Jumatatu sijaongeza ala hata moja. Naisikiliza tu, nimefumba macho, nikijaribu kusikia ni wapi inaanza kulia tupu kabla Bibi hajaita. Mara mbili nimefikiri nimepata, kumbe ni dogo alibadilisha mkono. Na betri zilizima kabla ya debe la pili, kwa hiyo Jumamosi hii napanda tena. Dogo ameshapiga kwa simu ya Bibi: safari hii kuzungusha ni elfu mbili.